Mbegu za lile ua jekundu la mviringo: nizianike au nizipande mbichi?

Mwalimu wa Makambako
Habari zenu wapenda bustani. Kwenye shamba la shemeji yangu, nje kidogo ya Makambako, kuna kipande cha kichaka cha asili ambacho Julai kinasafishwa kwa trekta ili papandwe parachichi. Chini ya miti ile ndiko yanakochomoza yale maua mekundu ya mviringo, mvua za kwanza zikishapiga, mara nyingi kabla hata majani hayajakunjuka. Kitabuni yanaitwa Scadoxus multiflorus. Sasa hivi yamebeba vitunda vyekundu na vingine vimeanza kudondoka. Shemeji kaniruhusu kuchuma. Jirani yangu anasema nizianike mbegu juani kama za mahindi, nizitie kwenye chupa hadi Novemba ndipo nipande. Ni sawa? Na ua nilitegemee lini? Nataka yaishi kwenye bustani ya shule.

Mama Kitalu, Morogoro
Mwalimu, usianike! Mbegu hii haina ganda kavu la kuilinda. Ni nyama yenye maji, na ikikauka imekufa, hiyo Novemba utapanda maiti.

Chuma vitunda vilivyoiva hadi vinabonyea. Ukikiminya kimoja itateleza mbegu nyeupe yenye ukijani kwa mbali, ukubwa wa mbaazi. Aghalabu ni moja, vingine vina mbili au tatu. Ioshe mpaka utelezi wote uishe, maana ukibaki unaita ukungu. Tafuta trei au ndoo iliyotobolewa chini, changanya mchanga wa mto na majani yaliyooza vizuri, nusu kwa nusu. Usizifukie. Zibonyeze tu, nusu ya mbegu ibaki juu ionekane. Weka kivulini, udongo uwe na unyevunyevu lakini maji yasituame.

Sasa hapa ndipo watu wanapokata tamaa na kumwaga udongo jalalani. Kitakachotoka kwanza si jani. Ni mzizi mnene, mweupe, unaojipinda kama ndoano kuutafuta udongo, na baadaye unauona umevimba. Ule uvimbe ndio mwanzo wa kitunguu chenyewe. Mbegu inamaliza chakula chake chote kukijenga kabla ya kuhangaika na jani, kwa hiyo trei inaweza kukaa miezi haina kijani chochote na huku chini kazi inaendelea. Mwaka wa kwanza ukipata jani moja kwa kila mche, shukuru.

Kiangazi cha kwanza usivinyime maji kabisa, bado ni vichanga. Kuanzia mwaka wa pili, majani yakigeuka njano yenyewe, punguza maji hadi uache. Mvua zikirudi vitaamka. Wala usihamishehamishe. Mizizi ya mmea huu hukivuta kitunguu chini taratibu mpaka kifike kina kinachokifaa, na kila ukikichomoa unakirudisha nyuma. Ua ni mwaka wa tatu ukibahatika, wa nne au wa tano kwa kawaida.

Kwa kuwa ni shule: mmea wote una sumu, kitunguu zaidi. Hutapisha vibaya, na mbuzi pia huwadhuru. Vitunda vile vyekundu vinawavutia watoto wadogo, kwa hiyo panda mbali na darasa la awali, na wewe mwenyewe unawe mikono baada ya kuminya.

Fundi Bustani wa Kilifi
Salaam. Huku pwani tuna Gloriosa superba, lile la petali nyekundu zenye ukingo wa manjano linalopanda vichakani. Namuunga mkono mama, ila msichanganye: mbegu ya Gloriosa yaweza kukaushwa na kuwekwa. Ni ngumu, mimi huiloweka usiku kucha kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kupanda, na hata hivyo huota kwa kupishana, leo moja, mwezi ujao nyingine. Kiazi chake shikeni kwa upole, jicho liko nchani. Ncha ikivunjika, kipande hicho hakichipui. Nacho ni sumu kali, kina kolchisini, na kimeshaua watu.

Tulizo, Mbeya
Mama Kitalu, shikamoo. Na okidi za Kitulo je? Naweza kuotesha kwa njia hiyo hiyo?

Mama Kitalu, Morogoro
Marahaba mwanangu. Hapana. Mbegu ya okidi ni vumbi tupu, haina akiba ya chakula. Inategemea kuvu fulani wa udongoni waipe chakula ndipo iote, na kuvu hao huwezi kuwabeba kwenye kiriba. Wenye maabara huziotesha kwenye chupa zenye lishe maalumu. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, hapachumwi kitu. Inaniuma sana jinsi viazi vya okidi kule Nyanda za Juu Kusini vilivyochimbwa kwa magunia na kuvushwa Zambia kupikwa chikanda, chakula cha huko kinachotengenezwa kwa viazi hivyo. Anayechimba kiazi ameondoa mmea mzima, na mbegu ambazo zingedondoka mwaka ule hazipo tena. Nenda ukayatazame Kitulo mvua zikiwa zimekolea, uyaache hapo hapo.

Mwalimu wa Makambako
Asante sana mama. Kesho naenda na ndoo. Je, vile vitunguu vikubwa vyenyewe navyo vitakufa trekta likija? Nivichimbe sasa hivi?

Mama Kitalu, Morogoro
Sasa hivi hapana, majani bado yanavilisha. Lakini kesho hiyo hiyo beba na vijiti. Kila penye shina, chomeka kijiti na ukifunge kitambaa, kwa sababu ikifika Juni majani yatakuwa yamekauka na juu ya ardhi hutaona kitu. Yakishakauka, chimba kwa jembe uma, anzia mbali na kijiti, ingia chini, utoe bonge zima la udongo pamoja na mizizi. Panda siku ile ile, shingo ya kitunguu ilingane na uso wa udongo, chini ya mti. Usimwagilie mpaka mvua. Mwambie shemeji amwonyeshe dereva vijiti vilipo, asije akaanza na upande huo kabla hujamaliza.