Mama ana mifupa dhaifu, kuna jamaa anatuuzia odanacatib ya unga. Tuichukue?

Kitindamimba: Wakubwa shikamooni. Mama ana miaka 68. Aliteleza bafuni akavunjika mkono, kipimo kikaonyesha mifupa imepungua sana uzito. Kaandikiwa alendronate, kidonge kimoja kwa wiki, ila kiungulia kinamtesa. Binamu yangu kapata muuzaji mtandaoni mwenye odanacatib, ati inazuia kimeng'enya kinachokula mfupa wala haisumbui tumbo. Inakuja unga, tunapima wenyewe. Mwenye uelewa anisaidie.

Mfamasia wa Zamu: Usinunue. Muuzaji kakupa nusu ya habari. Seli zinazobomoa mfupa mkongwe humwaga tindikali, halafu kathepsini K, moja ya proteasi za sisteini (kundi la vimeng'enya vinavyokata protini), inakata kolajeni, protini ya mfupa. Odanacatib inakizuia kimeng'enya hicho, na kweli ilifanya kazi: Merck waliijaribu kwa wanawake zaidi ya 16,000 waliokoma hedhi, na waliovunjika nyonga wakapungua karibu nusu. Ila waliopata kiharusi wakaongezeka. Mwaka 2016 kampuni ikaachana nayo, haikuwahi kuidhinishwa popote. Huo unga ni wa maabara. Mama ana presha?

Kitindamimba: Anayo, miaka mingi.

Mfamasia wa Zamu: Basi ndiyo kabisa!

Mama Tiba Asili: Hayo yote ya nini? Ampe papai bichi, lina hicho hicho kizuizi.

Mzee wa Maabara: Hapana dada. Papaini ya kwenye papai ni proteasi ya sisteini yenyewe, inakata protini. Ndiyo maana nyama ngumu ukiipaka papai bichi inalainika. Hapo hujazuia kitu.

Mbishi Halali: Kwa hiyo hizi dawa za kuzuia proteasi zote ni hewa?

Mzee wa Maabara: Mbona Paxlovid ipo? Nirmatrelvir iliyomo inazuia proteasi ya sisteini ya kirusi cha korona. Lakini pale unalenga kimeng'enya cha mdudu, tena kwa siku 5. Kathepsini K ni ya mwili wako mwenyewe, na mgonjwa wa mifupa anameza dawa miaka. Kwenye malaria nako watafiti wanaifukuzia falsipaini, ambayo kimelea hutumia kumeng'enya himoglobini. Bado haijazaa dawa.

Mfamasia wa Zamu: Turudi kwa mama. Hiyo alendronate anaimezaje?

Kitindamimba: Asubuhi na chai ya maziwa, kisha anajilaza kidogo.

Mfamasia wa Zamu: Kumbe! Ameze akiwa hajala kitu, kwa glasi nzima ya maji matupu, akae wima nusu saa asile wala asilale. Akilala inapanda na kuunguza koo, na maziwa yanaizuia isiingie mwilini. Kiungulia kikiendelea, au akimeza kwa maumivu, aisimamishe na arudi kwa daktari. Muulizeni kuhusu dripu ya zoledronic acid, dawa nyingine ya mifupa, mara moja kwa mwaka. Watampima figo na kalsiamu kwanza.

Kitindamimba: Asanteni sana. Jumatatu tunarudi kliniki. Shida binamu kashatuma advansi.

Mbishi Halali: Hiyo andika maumivu, mkuu.