Mjadala: Fundi akifunga injini, amwandikie mteja vipimo vya tapeti za oili?

Mleta hoja

Ndugu zangu wa Tanga, mafundi kwa wenye magari, hoja yangu ni moja. Fundi akishafungua injini ya zamani na kuifunga upya, awe na wajibu wa kumwandikia mwenye gari vipimo alivyoviacha ndani, hasa vya tapeti za oili? Mimi nasema awe nao. Wiki hii nimepingwa vya kutosha pale Ngamiani, na bado nasema awe nao.

Nina Land Rover 109 yenye injini ya V8 (silinda nane) ya lita 3.5, toleo lililoanza kutoka mwaka 1979. Niliinunua kwenye shamba la mkonge. Mwaka jana ikaunguza gasketi. Hedi zote mbili, yaani vifuniko vya juu vya injini vyenye valvu, zikapelekwa kuchongwa, valvu zikasagwa, injini ikafungwa. Kuwashwa tu, gari linatetemeka. Fundi akaniambia, "Lipe siku mbili tatu, limefungwa upya, litazoea." Nikalipa siku. Tulipotoka Mombo kupanda Soni likaishiwa nguvu njiani, na tulipofungua tukakuta valvu mbili za ekzosi zimeungua kingo.

Kwa wasiojua: tapeti ya oili ni kikombe cha chuma kinachokaa juu ya kamshafti, ile shafti yenye meno ya kufungulia valvu. Ndani mna plunja (pistoni ndogo), springi na gololi. Oili ya pampu inaingia, gololi inaziba mlango, na kwa kuwa oili haibanwi ikapungua, ndiyo inayobeba pushrodi, fimbo inayosukuma roka, na roka ndiyo mkono unaofungua valvu. Hapo hakuna uwazi wa kupima kwa fila geji (bapa nyembamba za kupimia), tofauti na ile Land Rover ya petroli ya lita 2.25 ambayo mafundi wetu wengi wamekulia mikononi mwake na inchi 0.010 yake wanaijua kwa moyo. Lakini plunja lazima izame kiasi. Kwa V8 yangu inatakiwa izame milimita 0.5 hadi 1.5. Ikizama pungufu, unasikia mlio. Ikizama mpaka ikagota, tapeti haina tena pa kurudi: valvu inabaki imeachama kidogo, kompresheni inavuja, moto wa ekzosi unapita kwenye upenyo huo na kuila.

Sasa, nani anaizamisha? Ni kazi ileile tunayoilipia. Ukichonga hedi milimita 0.3, umeisogeza roka karibu na kamshafti kwa milimita 0.3, na pushrodi haijafupishwa. Ukisaga kiti cha valvu, valvu inaingia ndani, mkia wake unatokeza juu, roka inapinduka na kuikandamiza pushrodi zaidi. Ukiweka gasketi nyembamba kuliko ya mwanzo, umeongeza tena. Gari langu lilikuwa limechongwa hedi kabla yangu, na hakuna aliyejua ni kiasi gani, kwa sababu hakuna aliyeandika.

Fundi, Ngamiani

Kaka, pole kwa gari. Lakini tapeti za oili zinajirekebisha zenyewe, ndiyo sababu ya kutengenezwa kwake. Nikikuandikia kipimo leo, kesho oili ikiingia kimebadilika. Utakuja na karatasi yako useme nimekudanganya.

Jambo la pili hamlisemi. V8 ina tapeti 16. Mteja namwambia kamshafti imelika, anunue kamshafti na tapeti zake 16 mpya, ananiambia osha za zamani kwa petroli urudishe. Narudisha. Zikipiga kelele, nani aliyekosea? Hilo nalo nitaliandika kwenye karatasi gani?

Mleta hoja

Fundi, hilo la pili umenishika, na ndilo linalonifanya niitake karatasi zaidi. Tapeti ya zamani ikirudi kwenye kamshafti yake, lazima ikae pale pale ilipotoka, maana uso wake umeshasuguana na jino moja tu. Tapeti za zamani juu ya kamshafti mpya ni kuiua ile kamshafti. Ukiandika "mteja amekataa tapeti mpya" na mimi nikatia saini, umelindwa wewe kabla yangu.

La kwanza silikubali. Zinajirekebisha, ndiyo, ila ndani ya nafasi uliyoziachia. Kinachoandikwa ni kina cha plunja tapeti ikiwa haina oili na ikiwa imekalia mgongo wa kamshafti, upande usio na jino, valvu imefunga kabisa. Kipimo hicho kinatokana na vyuma, na oili ikishaingia vyuma havisogei. Manifoldi ya juu, ile ya kuingizia hewa, ikiwa bado haijafungwa, tapeti zote unaziona. Chukua biti ya drili ya milimita 1, ingiza shina lake kati ya plunja na klipu ya juu. Ikipita kwa kubana kidogo, umemaliza hiyo. Ikicheza sana, weka shimu (vibati vyembamba) chini ya nguzo za shafti ya roka, shafti ipande, kisha pima tena. Kwa gari langu tapeti mbili zilikuwa zimegota, na ni zile zile za valvu zilizoungua.

Mwenye Hiace, Pongwe

Samahani kuingilia. Yangu ina injini ya 4Y. Nayo inahusika?

Mleta hoja

Inahusika, ndugu yangu. 4Y ina tapeti za oili na pushrodi, na roka zake hazina skrubu ya kurekebishia. Kabla hedi haijachongwa, uliza itaondolewa kiasi gani.

Fundi wa boti

Nyie vijana mnaongea kama sikio halina kazi. Nimefunga injini za boti zilizojengwa juu ya V8 ya Chevrolet miaka mingi. Zile zina nati juu ya kila roka. Injini inaunguruma, nalegeza nati mpaka roka igonge, nakaza taratibu mpaka mlio uishe. Hapo ndipo sifuri, uwazi umeisha. Kisha nakaza robo mzunguko, nasubiri kama sekunde 10 injini itulie, robo nyingine, nasubiri, robo ya tatu, basi. Hakuna biti wala karatasi, na boti zimeenda zikarudi.

Mleta hoja

Shikamoo mzee wangu. Hapo sikubishii, na huko kusubiri kati ya robo na robo vijana wengi hawakujui: wanakaza kwa mkupuo, oili ya ndani ya tapeti haijapata muda wa kuvuja, valvu inabaki wazi na injini inazima. Lakini mzee, umepima. Nati ile ina nyuzi 24 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja unaishusha nati kama milimita 1, na robo tatu yako kama 0.8, na plunja inazama zaidi ya hapo kwa sababu roka inazidisha. Sikio limekuonyesha sifuri, nyuzi zimekupa kina. Andika "robo tatu" na mwenye boti ataondoka na taarifa kamili. Tatizo ni sikio likitumika kwenye injini isiyo na nati, kama yangu. Tapeti iliyogota ipo kimya kabisa. Gari langu halikupiga kelele hata siku moja.

Fundi, Ngamiani

Mzee kasema kweli, na wewe hapo kwenye kimya umenigusa. Mimi huwa nikisikia kimya najua nimemaliza. Ila bado nauliza: muda wa kupima tapeti 16 nani analipa? Ni nusu siku hiyo.

Mleta hoja

Mteja alipe. Nimelipa valvu, gasketi mara mbili na kuvutwa kutoka Soni. Nusu siku ya fundi ingekuwa nafuu mno. Iwekwe kwenye bei tangu mwanzo, tusiifiche.

Hedi ya kulia ya gari langu bado haijafungwa. Jumamosi asubuhi tunapima, Barabara ya 12. Fundi, karibu uje na biti zako, na karatasi ya kwanza uiandike wewe.