Mrejesho: Binti yangu aliyesomea nyumbani amepokelewa chuo kikuu

Ndugu zangu, niliuliza kama binti yangu, aliyesoma sekondari yote nyumbani kwetu Kampala kwa mtaala wa Cambridge, angeweza kuingia chuo kikuu cha hapa Uganda. Amepokelewa, nami nawashukuru kwa dhati. Kama mlivyonishauri, vyeti vyake tulivipeleka UNEB, yaani baraza la mitihani la Uganda, vilinganishwe na UCE (cheti cha kidato cha nne) na UACE (cheti cha kidato cha sita) kabla ya kuomba nafasi, kwa kuwa chuo hakikujali alisomea wapi, bali kilitaka ufaulu wa masomo yasiyopungua matano katika ngazi ya kwanza na masomo makuu mawili katika ya pili. Kilichotutaabisha zaidi ni mazoezi ya maabara ya kemia, ambayo kituo cha mitihani kilikubali ayafanyie kwao kwa malipo. Mzazi aliulizie jambo hilo mapema sana.