Tupeane uzoefu: nati iliyoganda kwa kutu uliifunguaje bila kukata bolti?

Fundi Pampu, Nyakato

Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu ni pampu za umwagiliaji na mashine za kusaga, nazunguka Mwanza mjini, Magu na Misungwi. Kinachokula muda wangu si matengenezo, ni kufungua. Pampu ikishatelekezwa pale ufukweni tangu msimu uliopita, bolti na nati zake zinakuwa chuma kimoja. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inajaa kwenye thredi (ile mifereji ya bolti na nati) na kujikaza yenyewe. Ndiyo maana oili chafu haifanyi kitu hapo. Ni nzito, inaishia juu juu.

Naanza na utaratibu wangu. Kwanza brashi ya waya kwenye thredi zilizobaki nje, maana nati itapita hapohapo ikitoka. Halafu mafuta ya kupenya. WD-40 si mbaya, ila mimi nachanganya oili ya gia otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Hivi viwili havipendani, vinajitenga kwenye chupa, kwa hiyo tikisa kila unapotaka kumwagia, na moto ukae mbali kabisa. Nagonga kichwa cha bolti kwa nyundo, vipigo vidogo vidogo, naacha hadi kesho yake, narudia.

Kwenye spana sianzi kufungua, naanza kukaza kidogo. Ikilia "tak" ujue imeachia. Hapo ni robo mzunguko kukaza, nusu kufungua, unaongeza mafuta. Utaona uji wa kahawia unatoka kwenye thredi. Huo ukiendelea kutoka, kazi inaenda. Ukianza kukauka na spana ikawa nzito, simama, rudi ulikotoka, mwagia tena. Bolti nyingi hukatwa na mtu ambaye nati imeshamwachia, akaona amemaliza.

Na soketi iwe ya pembe sita. Ile ya pembe 12 inakula kona za nati iliyolika. Spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, iache nyumbani. Karibuni.

Mwaloni

Mkuu, sisi wa injini za boti hapa Kirumba watu wanatuambia ziwa ni maji baridi, hakuna chumvi, kwa hiyo hakuna shida. Waje waone. Bodi ya injini ni aluminiamu, bolti ni za chuma kisichoshika kutu. Metali hizo mbili zikikutana kwenye maji, aluminiamu ndiyo inayoliwa, inatoa unga mweupe unaoshika bolti kuliko kutu nyekundu. Ukilazimisha, bolti inakatikia ndani ya bodi, na bodi ni hela.

Dawa yake ni joto, na unapasha bodi, si bolti. Aluminiamu inatanuka zaidi ya chuma hicho, kwa hiyo tundu linalegea kabla bolti haijanenepa. Mimi natoa tangi na mpira wa petroli kwanza, naweka mbali, halafu natumia birika la maji yanayochemka. Namwaga taratibu pale pale kwenye kifuniko cha impela (feni ya kusukuma maji), bolti ikiwa tayari imevalishwa spana. Gesi natumia mara chache sana, aluminiamu haikuonyeshi rangi kabla ya kuyeyuka.

Tairi Buzuruga

Mimi langu fupi. Vijana walivamia Fuso ya zamani, tairi la kushoto. Bomba refu kwenye wili spana, mmoja anarukaruka juu yake, wanailaani kutu. Stadi (bolti isiyo na kichwa inayoshika nati) ikakatika. Malori mengi ya Kijapani ya zamani, nati za upande wa kushoto zinafunguka kwa kuzungusha kama unakaza. Futa matope, angalia herufi L. Pedeli ya kushoto ya baiskeli nayo ni hivyohivyo. Kabla ya kuilaumu kutu, jua upande.

Chomelea Igoma

Zikishakatika ndiyo mnatuletea sisi, haya.

Stadi ya ekzosi iliyokatikia kwenye silinda hedi: usikimbilie kile chuma cha kutolea bolti kinachozungushwa kinyume. Kile ni kigumu na hakipindi, kinavunjika. Kikivunjikia mle ndani, drili ya kawaida inateleza tu juu yake, na hapo bei yangu inabadilika.

Ninachofanya: naondoa terminali ya betri, nasafisha kisiki hadi king'ae, naweka washa (kisahani cha chuma chenye tundu) juu yake na kuichomelea na kisiki. Juu ya washa naweka nati kubwa kidogo na kuijaza kwa rodi kutoka ndani. Nati inawaka nyekundu, joto linashuka hadi kwenye stadi, kutu inapasuka. Nasubiri wekundu upotee, nagusisha mshumaa pale mzizini, nta inayeyuka na kuvutwa ndani ya thredi. Halafu spana, mbele na nyuma. Ikikatika tena, nachomelea nyingine. Mteja akisimama nyuma yangu kuniharakisha namwambia akanywe soda.

Ukerewe

Naomba niongezee la mabomba ya maji, mimi ni mama mwenye nyumba lakini nimesimamia mafundi. Spana za bomba ziwe mbili, moja inashika, moja inazungusha, vinginevyo mnavunja kiungo kilicho ndani ya ukuta. Na bomba lenye zinki msilipashe moto chumbani, ule moshi mweupe unaleta homa.

Fundi Pampu, Nyakato

Ahsante mama. Mimi kwa nati ya kawaida isiyo na thamani siku hizi sibembelezi. Nakata ubavu mmoja kwa grenda hadi karibu na thredi, napiga tindo, inafunguka yenyewe. Bolti mpya bei yake ndogo kuliko mchana mzima. Wakati wa kurudisha napaka grisi ya shaba. Nati za magurudumu hapana: ukizipaka grisi, kipimo kilekile cha spana kinavuta stadi zaidi ya inavyotakiwa.

Bodaboda Mabatini

Wakuu, plagi ya pikipiki imegoma, nifanyeje?

Mwaloni

Washa injini kidogo, izime ikiwa ya vuguvugu, si ya moto. Puliza uchafu pembeni ya plagi, weka mafuta ya kupenya, subiri. Fungua kidogo, rudisha, fungua. Usigonge, kaure itapasuka iingie kwenye silinda. Ikigoma bado, njoo nayo hapa Kirumba.