Chuma, alumini au kaboni: baiskeli moja ya lami na vumbi, nichukue ipi?

Mwana_Goba
Wakuu, heshima kwenu. Nataka kuunda baiskeli moja nyepesi ya kupigia lami na barabara za vumbi pia hapa Dar. Mbili haziwezekani, nyumba ndogo na mama watoto ameshaanza kuuliza maswali. Nimebaki na njia tatu. Kuna fremu ya kaboni ya kuagiza China, haina jina. Kuna fremu ya chuma cha kromoli, mtumba, ina uma wa mbele wa kaboni, jamaa wa Arusha anaiuza. Halafu kuna baiskeli nzima ya alumini iliyoshuka kwenye kontena la Japani, hii ningeanza kuipanda huku nabadilisha vitu taratibu. Ipi inalipa? Jamaa wa Arusha anataka jibu kabla ya Ijumaa.

MzeeWaCheni
Urefu wako? Kilo zako? Bajeti? Vumbi lipi, la Madale au la Maneromango? Hiyo fremu ya chuma inapokea tairi ya milimita ngapi, na breki zake ni za diski au za kubana rimu? Umetuita kwenye harusi bila kututajia bibi harusi.

Pugu_Mteremko
Kaboni, mkuu. Uzi ufungwe. Fremu ya kaboni ni kilo moja na kitu, ya chuma utakuta inakaribia mbili. Panda nayo mlima wa Pugu halafu urudi utuambie.

DadaSpoku
Uzi haufungwi na mtu mmoja, kaka. Uzito unaousikia mguuni uko kwenye magurudumu. Ukitoa tyubu za kawaida za tairi pana, ambazo moja inazidi gramu 150, ukaweka zile za plastiki laini za TPU za gramu kama 50 au 60, umeshapunguza bila kugusa fremu. Au weka tyubulesi kabisa, yaani tairi bila tyubu, yenye dawa ya kuziba matundu ndani, miiba ya huku unaijua.

Hesabu_Tu
Dada, hilo la magurudumu watu wanalikuza. Kitu kinachozunguka kinakugharimu zaidi wakati wa kuongeza mwendo tu. Ukishakuwa kwenye mwendo mmoja, au unapanda mlima taratibu, gramu ya rimu na gramu ya fremu ni ndugu.

DadaSpoku
Sawa, mwalimu. Sasa njoo Mwenge saa moja asubuhi unihesabie ni mara ngapi mtu anasimama na kuondoka.

Mwana_Goba
Samahanini, nilikuwa kazini. Urefu sentimita 178, kilo 84. Bajeti milioni tatu na nusu, baiskeli nzima na si fremu peke yake. Siku za kazi natoka Goba kupitia Makongo hadi Posta. Jumapili Pugu na Kisarawe, na nikipata kampani tunaingia ndani kuelekea Maneromango. Fremu ya chuma ni namba 54, breki za diski. Muuzaji anasema tairi ya 35 inaingia.

MzeeWaCheni
"Anasema" si kipimo. Mwambie aweke rula kati ya mabomba ya nyuma, pale tairi inapopita, apige picha. Halafu usijaze nafasi yote. Masika udongo mwekundu wa Pugu unanata kwenye tairi, na fremu isiyo na angalau milimita tano za uwazi kila upande inageuka breki. Kama mwisho wake ni 35, basi hesabu kwamba unapanda na 32. Kwa kilo 84, Maneromango na 32 utafika, ila meno yatakuwa yamelegea.

Kontena_Jipya
Mnamtisha bure. Alumini ya Japani ndiyo hela yake ilipo. Anapata baiskeli imekamilika, gia nzuri, anapanda kesho. 28 inatosha kabisa. Wenzetu walikimbia mashindano ya Paris–Roubaix kule Ufaransa juu ya mawe na tairi nyembamba miaka na miaka.

MzeeWaCheni
Na nyuma yao kuna magari yamebeba magurudumu ya akiba na mafundi. Wewe nyuma yako kuna nani, bodaboda?

Kontena_Jipya
Mzee, usiibeze bodaboda, imeniokoa Chanika na baiskeli begani.

DadaSpoku
Tatizo la hizo za kontena si alumini. Nyingi za lami ni za zamani kidogo, breki za kubana rimu, na hizo breki zenyewe ndizo zinazozuia tairi pana. Huwezi kubadilisha taratibu ukafika tairi ya 40, fremu haikuumbwa hivyo. Kama anaitaka kwa ajili ya Posta tu, achukue. Akague weldi zote kwenye mwanga mkali, hasa chini ya shingo na pale kwenye kranki, inaposhikwa mikono ya pedeli, maana alumini ikianza ufa hairudi nyuma.

Bahari_Msasani
Kabla hujaituma hela China, soma hili.

Nilinunua fremu ya kaboni mtumba, kwa macho safi kabisa, bomba la siti lilikuwa la alumini. Naishi jirani na bahari, upepo wa chumvi unaingia mpaka kwenye sukari. Siku mpwa wangu anataka kuijaribu, nikalegeza bolti nishushe siti, bomba halitikisiki. Alumini ikigusana na kaboni na unyevu wa chumvi ukawa katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Inatoa unga mweupe, inavimba, inajibana humo humo. Nikazungusha, nikapiga maji ya moto, wapi.

Nikampelekea fundi anayesifiwa na kila mtu, jina naliacha. Nikamwambia mara mbili kwamba hii ni kaboni. Akasema anajua, na kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na swali. Nikavuka barabara kunywa chai. Niliporudi nikakuta mtungi wa gesi umewashwa na moto unalamba fremu, kama anavyofanya kwa baiskeli za chuma. Rangi imetoa mapovu, na harufu nikaisikia tangu barabarani. Kaboni ni nyuzi zilizoshikwa na gundi ngumu, na gundi hiyo ikipata moto inalainika na kuachia. Bomba lilitoka, hilo nakubali. Akaninyanyulia juu nilione, anacheka, akataka elfu ishirini yake.

Nyumbani nikagonga fremu kwa sarafu. Huku chini inalia kavu, "tak, tak". Pale alipochoma inalia "bu". Nyuzi zimeachana. Ipo stoo, na fundi tukikutana ananiuliza mbona siku hizi sionekani na baiskeli.

Kwa hiyo, ukichukua kaboni weka bomba la siti la kaboni, paka pesti yake maalumu, na ulitoe mara kwa mara ulifute. Na usiende kunywa chai.

Pugu_Mteremko
Pole sana, lakini hilo ni kosa la gesi, si la kaboni. Na chuma nacho chumvi haikionei huruma, kinaoza kwa ndani usikione mpaka siku ya siku.

MzeeWaCheni
Kinaoza ukikiacha. Mimina mafuta mazito ndani ya mabomba, geuza geuza, acha yatiririke, umemaliza. Na chuma kikivunjika hata Mlandizi utapata wa kukuchomea.

DadaSpoku
Hapo nakupinga, mzee wangu. Mabomba ya kromoli nyepesi katikati yana unene wa milimita 0.6 hivi, mwishoni ndiyo yanafika 0.9. Mchomea mageti akikuletea mashine yake atatoboa kabla hajaunga. Inataka mtu wa kuunga kwa shaba au mwenye mkono mwepesi sana.

MzeeWaCheni
Hilo kweli. Basi Mlandizi uombe kwa adabu.

Hesabu_Tu
Mimi naona mmeikimbia hela. Milioni tatu na nusu, fremu ya China na usafiri na ushuru, halafu gia, magurudumu, usukani, breki. Fremu ikila zaidi ya theluthi, magurudumu yatakuwa ya kubahatisha. Kwa kilo 84 na makorongo, mimi ningeanzia kwenye magurudumu yenye spoku 28 au 32, ndipo nirudi kwenye fremu na kinachobaki.

Na muulize muuzaji yeyote mambo mawili: ekseli ni ya milimita 12 ya kupenya au ya kubana ya zamani, na beringi za kranki zinafungwa kwa nyuzi za skrubu au zimesukumwa kwa nguvu. Za nyuzi chukua. Zile za kusukuma zikiingia vumbi la Kisarawe zitakuimbia njia nzima.

Pugu_Mteremko
Gia weka kranki ya sahani moja ya meno, sahau kubadilisha gia za mbele.

DadaSpoku
Kwa anayekwenda Posta siku tano? Sahani moja inaacha mapengo makubwa kati ya gia na gia. Seti ya gia ya Shimano iitwayo GRX ipo ya sahani mbili, meno 46 na 30. Ukiweka kaseti, yaani meno ya nyuma, ya 11 hadi 34, gia nyepesi kabisa ni 30 kwa 34, unapanda Pugu ukiwa unaongea. Breki, kama za mafuta, kwanza muulize fundi wako ana kifaa cha kutolea hewa. Shimano wanatumia mafuta ya madini, wapinzani wao SRAM kwenye breki za barabarani wanatumia DOT, aina ya mafuta ya breki za magari. Ukizichanganya mipira ya ndani inaharibika. Kama fundi hana kifaa, diski za waya zinatosha.

Mwana_Goba
Nimemwandikia wa Arusha kuhusu rula. Amejibu "inaingia bila shida". Picha hajatuma.

MzeeWaCheni
Mwandikie tena.

Kontena_Jipya
Hivi kwenye njia ya mwendokasi wanaturuhusu au hawaturuhusu? Juzi nimefukuzwa na askari, na mbele yangu bodaboda tatu zinapita.

Bahari_Msasani
Hairuhusiwi, ile ni ya mabasi tu. Na basi lile likikukuta hamna pa kupishana.

Kontena_Jipya
Na pembeni je, kwenye daladala zinazokata bila taa?

Pugu_Mteremko
Ndiyo maana nasema nyepesi, mkuu. Unaruka kingo.

Mama_Wawili
Samahani kwa kuingilia, naona mnajua. Mwanangu ana miaka saba, nimnunulie inchi 16 au 20?

DadaSpoku
Usiangalie miaka, dada, pima mguu wa ndani kuanzia chini mpaka kwenye msamba. Akikaa kwenye siti iliyoshushwa kabisa, vidole viguse chini. Wengi wa saba wanaingia kwenye 20. Kama hajui kuendesha, toa pedeli zote mbili, ajisukume kwa miguu kwenye uwanja wenye mteremko mdogo. Pedeli ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kinyume na ulivyozoea, usimwache mtu aivunje.

Mama_Wawili
Asante. Na yale magurudumu mawili ya pembeni?

MzeeWaCheni
Mpe jirani usiyempenda.