Naomba ushauri: mapitio ya urubani na zile siku 180

Habari zenu wakuu. Nina leseni ya rubani wa burudani ya Marekani, saa 142 tu za kuruka. Mapitio yangu ya kila miezi 24 (kipindi cha kupimwa na mwalimu, darasani na angani) yanaisha mwezi huu, na sijarusha ndege kama rubani mkuu kwa siku 200. Kwa kuwa sijafikisha saa 400, sharti la siku 180 nalo limenibana: asiyerusha kwa muda huo lazima kwanza afunzwe na kusainiwa na mwalimu. Juzi nilikaa kwenye kiti, injini imezimwa, mkono ukapapasa kutafuta swichi ya flapu. Kweli nimepwaya.

Nimesoma kanuni za anga za Marekani, 61.56 (mapitio) na 61.101 (siku 180). Mwalimu mmoja anasema nifanye mara mbili, kila sharti peke yake, mwingine anasema atasaini yote pamoja.

Je, saa 1 ya darasani na saa 1 ya angani zinaweza kutimiza yote mawili? Na mwalimu asiporidhika, anaandika nini kwenye daftari langu la safari?