Mjadala: Urithi wa volkano wa Rungwe upimwe kwa idadi ya watalii?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyotangulia ilidai kwamba maeneo ya volkano ya Mbeya, yaani Ziwa Ngozi, Mlima Rungwe, Kyejo na Daraja la Mungu, lile daraja la asili la mwamba katika Mto Kiwira, yapangiwe madaraja kulingana na uwezo wake wa kuvutia watalii, na kwamba nchi za visiwa vya volkano ndivyo zinavyofanya. Naipinga hoja hiyo, na mifano yangu naichukua katika visiwa hivyohivyo.

Kisiwa cha Surtsey kiliibuka baharini kusini mwa Iceland mwaka 1963, na mwaka 2008 kikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mtalii haruhusiwi kukanyaga pale. Wanaoingia ni watafiti wachache wenye kibali, kwa kuwa thamani yake ni kuonyesha jinsi uhai unavyoanza kwenye ardhi mpya ambayo binadamu hajaivuruga. Tukihesabu viingilio, Surtsey haina thamani yoyote.

Katika kisiwa cha Fogo, Cape Verde, mlipuko ulioanza Novemba 2014 ulifukia kwa lava vijiji vya Portela na Bangaeira, na wenyeji wakarudi kujenga na kulima mizabibu ndani ya kaldera ileile, yaani bonde kubwa la volkano iliyobomoka. Ngazidja, kwa jirani zetu wa Komoro, miamba ya volkano ya Karthala hunyonya mvua kiasi kwamba kisiwa hakina mto wa kudumu, na majivu ya mlipuko wa 2005 yalichafua maji ya mvua ambayo watu walikuwa wameyahifadhi. Kutathmini volkano hizo bila kuwahesabu wanaoishi juu yake ni kuacha nusu ya kazi, na hilo linatuhusu sana sisi, ambao chai, ndizi na viazi vyetu vinaota juu ya majivu ya zamani.

Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi zaidi si ziwa wala daraja. Takribani miaka 4,000 iliyopita Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu kubwa, ukamwaga mawe mepesi ya pamisi juu ya eneo pana la nyanda hizi. Tabaka hilo bado linaonekana pale kilima kilipochongwa kupitisha barabara: mkanda wa punje za rangi hafifu katikati ya udongo mweusi, na ukiokota punje moja utaikuta imejaa matundu, nyepesi mno mkononi kwa ukubwa wake. Mtaalamu akipima unene wa tabaka na ukubwa wa punje mahali hadi mahali, anaweza kukadiria wingu la mlipuko lilipanda kimo gani na, kama kulikuwa na upepo, ulilipeleka upande gani. Maarifa hayo ndiyo yatakayotuambia majivu yanaweza kuangukia wapi Rungwe ikiamka tena. Lakini hakuna mgeni atakayelipa kiingilio ili atazame ukingo wa barabara, kwa hiyo katika madaraja yanayopendekezwa ukingo huo utashika mkia, na katapila likija kuchukua kifusi hakuna atakayelizuia.

Nakubali kwamba halmashauri inahitaji mapato, na vijana wanaowaongoza wageni kupanda hadi ukingo wa Ngozi wanastahili riziki yao. Utalii basi upewe alama zake, lakini thamani ya kisayansi, matumizi ya wenyeji na wepesi wa eneo kuharibika viwe na alama zao pembeni, wala zisijumlishwe kuwa namba moja, kwa sababu zikijumlishwa umaarufu wa Daraja la Mungu utafunika kila kitu kingine.

Wanaotetea kipimo kimoja naomba wanijibu hili: kwa utaratibu wao, ni nani atakayekuwa na wajibu wa kulinda tabaka la pamisi, na kwa kifungu kipi cha sheria?